Picha ya Wachemsha Chumvi

Vijana wangu wa gari la sinema, siku mliponiaga mliniomba niandike mambo ya kazi. Mmoja wenu alisema, "Mzee, tuandikie hata yale ya wakati wa Mjerumani, picha zilipokuwa bubu." Nimekubali. Habari za vyeo na mishahara nimeziacha. Hazikunisisimua nilipokuwa nazipata, sioni kwa nini ziwasisimue ninyi.

Nilianza kazi nikiwa mbeba ngozi. Hapa Dodoma, reli ikiwa bado ngeni, palikuwa na Mgiriki tuliyemwita Bwana Kosta. Alinunua ngozi za ng'ombe na mbuzi kwa Wagogo, akazirundika katika ghala la mabati karibu na stesheni, kisha akazipeleka pwani. Siku moja treni ilimletea makasha matatu badala ya magunia. Alitafuta mtu wa kuyafungua, na mwenye nyundo nilikuwa mimi. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya sinema.

Ndani mlikuwa na mashine ya picha. Ninyi leo mna mota; mnabonyeza, mnakaa. Ile ilikuwa na mpini ubavuni, na mtu ndiye aliyekuwa mota. Mwanga ulitoka kwenye taa ya gesi, ile ya mawe unayoyadondoshea maji mpaka yatoe moshi unaonuka kama kitunguu saumu kilichooza. Mkanda ulishika moto upesi kuliko nyasi za Septemba. Mbele tulitundika shuka la marekani, madirisha tukayaziba kwa magunia, watu wakakaa juu ya marobota ya ngozi. Tulionyesha Jumapili mchana, baada ya watu kutoka kanisani, kwa sababu siku nyingine reli haikuwapa vibarua wake nafasi hata ya kupiga chafya. Joto la mabati, gesi na ngozi mbichi: aliyeweza kukaa humo mpaka mwisho alikuwa mpenzi wa sinema kweli.

Bwana Kosta alinifundisha kwa kunigonga bega. Mizunguko miwili kwa sekunde, siyo zaidi, siyo pungufu. Ukienda pole, watu wanatembea kama wagonjwa. Ukikimbia, wanarukaruka kama panzi. Ukisimama, taa inatoboa mkanda. Jumapili ya kwanza niliona farasi mweupe akija moja kwa moja kwangu, nikasahau mkono. Farasi akapata doa la kahawia kifuani, doa likafuka moshi. Bwana Kosta aliuzima moto kwa kofia yake. Hakunifukuza. Alinionyesha kofia tu, ikiwa na tundu, akaivaa hivyo hivyo mwaka mzima. Kila nilipoiona, mkono ulinyooka wenyewe. Baada ya miezi mitatu nilikuwa nazungusha bila kufikiri, kama mwanamke anavyosaga uwele huku akizungumza.

Lakini picha zilikuwa na maandishi, na maandishi yalikuwa ya Kijerumani. Mimi nilijifunza kusoma kwa wamisheni wa Mvumi, Kijerumani sikukijua. Ndipo Bwana Kosta akamleta Farijala.

Farijala alikuwa karani wa mizigo stesheni. Babu yake alikuja na misafara ya zamani akabaki Kilimatinde, na yeye alipelekwa pwani kusoma shule ya serikali. Mrefu, kanzu nyeupe, kofia ya kazi ya mkono. Alisimama kando ya shuka na fimbo nyembamba, akasoma maandishi kwa Kiswahili kila yalipotokea. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa. Kazi aliyoifanya ilikuwa nyingine. Mtu mnene akimfukuza mbwa aliyeiba kofia, Farijala alimpa mtu yule sauti, mbwa akampa sauti, na kofia nayo ikalalamika. Watu walianguka kutoka kwenye marobota kwa kucheka. Wiki nzima ungesikia vibarua wa reli wakiongea kwa sauti ya kofia.

Mimi nilikuwa nyuma gizani, jasho likinitiririka mpaka kiwiko. Hakuna aliyegeuka kunitazama, isipokuwa mkanda ulipokatika.

Nilivumilia hayo. Kisha siku moja, kabla hatujaanza, Farijala aliwaambia watu, "Tulieni, fundi wetu yuko tayari. Leo picha itakimbia kama treni juu ya leli." Alisema "leli", kama mimi ninavyosema, kwa sababu ulimi wangu wa Kigogo umeikataa ile herufi mpaka leo. Ghala zima lilicheka. Nikatazama upande wangu wa kulia, alipokaa mke wangu, Mama Mika. Naye alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga, mabega yakitikisika.

Jioni ile akisonga ugali alikuwa akiigiza mbwa wa Farijala ili mtoto acheke. Mtoto akacheka. Nikasema mlenda hauna chumvi.

"Chumvi imo, Baba Mika," alisema, akaendelea na mbwa wake.

Toka siku ile nilianza kumchunguza Farijala kama mtu anavyochunguza jino bovu kwa ulimi. Nilijua kanzu zake ni ngapi. Nilijua anakohoa mara mbili kabla ya kuanza. Aliposalimiwa njiani na watu watano, mimi nilisalimiwa na wawili, na mmoja wa hao wawili aliniuliza Farijala yuko wapi. Mama Mika hakukosa Jumapili hata moja, hata mtoto alipokuwa na surua alimwacha kwa bibi yake akaja. Nilikuwa na hakika najua alikuja kumsikiliza nani.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kibaya. Visima vya mtoni vilitoa tope. Treni ilivuta behewa la tangi la maji, lakini maji yale yalikuwa ya injini. Vibarua waliokuwa wakishindilia mawe chini ya reli, upande wa magharibi wa mji, waliambiwa wachimbe mchangani. Nyapara wao, mtu wa kiboko na filimbi, alisimama kwenye ngazi ya tangi kuhakikisha hakuna anayekinga mkono kwenye bomba.

Wakati huo ndipo pwani walipotuletea picha ya wachemsha chumvi. Nadhani hata waliotuletea hawakuitazama. Ilikuwa ndefu, mikanda minne, habari ya zamani sana ya nchi moja ya baridi huko Ulaya. Watu walichota maji ya chumvi, wakayachemsha kwenye masufuria makubwa kama vibanda, mchana kutwa, kwa ajili ya bwana mmoja mwenye ngome. Wagogo waliielewa kabla Farijala hajafungua mdomo. Nani hapa hajamwona mama yake akikwangua udongo wa chumvi huko Bahi? Katika picha ile kisima cha maji matamu kilikuwa kimoja, kimezungushiwa uzio, na walionyweshwa kwanza ni farasi wa bwana. Mwishowe mama mmoja aliyekonda aliweka ndoo yake katikati ya njia, akakaa chini kando yake. Mwingine akaja, akaweka yake. Njia ikajaa ndoo. Yakatokea maandishi, na Farijala akayasoma pole, bila mchezo wowote:

"Tunakaa mpaka tunywe."

Wanajeshi wakaja na farasi. Watu wengi waliuawa pale. Lakini uzio ulianguka.

Bwana Kosta alikuwa amesimama nyuma yangu. Kijerumani chake kilikuwa cha dukani lakini kilimtosha. Akaninong'oneza, "Leo anasoma neno kwa neno. Haongezi kitu." Aliposema hivyo sauti yake haikuwa na furaha.

Picha ilipokwisha hakuna aliyepiga makofi. Vibarua walitoka mmoja mmoja, kila mtu kama aliyebeba kitu kichwani asitake kimwagike. Nikawaza: hata walipokuwa hawacheki, mtu huyu aliwashika. Hilo liliniuma kuliko vicheko vyote.

Jumanne nilipeleka ngozi stesheni, nikaona watu wengi magharibi ya behewa la tangi. Vibarua wote walikuwa wamekaa chini katikati ya reli, karai la kila mmoja mbele yake. Nyapara alipiga filimbi mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Aliinua kiboko, akakiteremsha kwa mtu wa kwanza. Mtu yule aliyumba, akakaa vizuri tena.

"Simameni!"

"Tunakaa mpaka tunywe," akasema mmoja, na wengine wakaitikia, siyo kwa kelele, kama watu wanaojibu sala.

Injini ilikuwa ikitoa mvuke, haina pa kupita. Bwana Shauri mwenyewe, Mjerumani mkuu wa boma, alifika na askari wanane. Alitazama tangi, akatazama makarai. Hakuamuru watu wapigwe risasi, na hilo nampa haki yake. Aliuliza tu, "Maneno haya mmeyatoa wapi?" Vibarua walitazama makarai yao. Lakini mji ulikuwa mdogo, na kabla ya saa nane mchana askari alikuwa mlangoni pa ghala akiniita mimi.

Bwana Shauri yule alizungumza Kiswahili safi kuliko changu, na hilo nalo liliniudhi. Alikuwa ameketi mezani, kofia kando.

"Mashine ya picha unaizungusha wewe?"

"Ni mimi, Bwana Mkubwa."

"Na yule karani anasema. Sasa nijibu kama mtu mzima. Anasoma yaliyoandikwa, au anaongeza ya kwake?"

Vijana, hapa nisomeni polepole. Katika picha za kuchekesha aliongeza kila kitu, na kila mtu alijua. Katika picha ya chumvi hakuongeza hata neno, na mimi nilikuwa nimeambiwa hivyo sikioni. Nilikuwa na nafasi ya kusema yote mawili. Nikasema:

"Anaongeza, Bwana Mkubwa."

"Katika picha hii?"

"Katika hii hasa."

Sikulazimishwa. Hakunitisha, hakuniahidi kitu. Niliona tu ile fimbo nyembamba mbele ya shuka, nikaona mtu mwingine ameishika.

Bwana Shauri akaandika. Kisha akasema jambo ambalo sikulitazamia: "Kesho mtaionyesha tena. Watu walewale waje, wakae walipokaa. Nitasikiliza mwenyewe."

Nilitoka. Alijua kusoma. Farijala angesoma neno kwa neno, na mwongo angeonekana ni mimi.

Jumatano mchana ghala lilijaa, askari wawili mlangoni. Bwana Shauri aliwekewa kiti. Mama Mika alikaa mahali pake, karibu na mashine. Farijala akanifuata nyuma nikiwa napakia mkanda, akanishika mkono.

"Ndugu yangu, leo nisaidie," alisema. "Bwana huyu anajua kusoma. Nitasoma kama nilivyosoma Jumapili, nukta kwa nukta. Wewe nenda na mwendo wako ule ule, nisikosee. Tutatoka salama sote."

"Haya," nikasema.

Mkanda wa kwanza nilikwenda vizuri. Wa pili nikaongeza kidogo, kiasi ambacho mtu asiye fundi hawezi kukiona. Maandishi yakawa yanaondoka kabla Farijala hajamaliza kuyatafsiri. Alikohoa, akaharakisha. Wa tatu nikaongeza tena. Sasa maneno yake yalianguka juu ya picha zisizo zake. Maneno ya mama wa ndoo yalisikika wakati shuka linaonyesha bwana wa ngome akila. Maneno ya hasira ya watu yalisikika juu ya wanajeshi wanaopanda farasi. Na mkanda wa nne, "Tunakaa mpaka tunywe" aliyatoa pakiwa hakuna maandishi kabisa; yalikuwa yamepita Bwana Shauri akiwatazama vibarua. Palikuwa na uso mtupu wa mwanajeshi, kana kwamba Farijala ameyatoa moyoni mwake na kuwaelekezea walioketi.

Bwana Shauri akainua mkono. "Inatosha. Hilo halikuandikwa."

"Limeandikwa, Bwana Mkubwa, limekwisha kupita," alisema Farijala. Kisha akageuka, akatazama nyuma, kwenye mwanga wa mashine. Najua mwanga ule ulimpofusha asinione. Lakini alitazama.

Alipigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, mbele ya boma siku ya pili yake, akaondolewa ukarani, akapandishwa treni ya kwenda magharibi. Bwana Shauri aliichukua mikanda minne, sikuiona tena. Wiki ileile alitoa amri kwamba kila treni iwaachie vibarua mapipa mawili ya maji. Sababu hakuitaja. Vibarua waliijua.

Bwana Kosta hakuniuliza kitu. Fimbo aliiweka juu ya kasha, akasema, "Sasa utasema wewe, mpini atashika mwingine. Maandishi nitakusomea asubuhi, uyashike." Nilikuwa nimelitaka jambo lile kuliko chakula.

Jumapili niliazima kanzu. Nikasimama mbele ya shuka. Ilikuwa picha ya mtu anayeuza ndege. Nilisema maneno yote kama nilivyoyashika, hakuna nililosahau. Nikajaribu kumpa ndege sauti. Vijana wangu, mmewahi kusikia watu mia moja wasiocheka? Kuna sauti yake: ni marobota yanayokwaruzwa watu wanapobadilisha mkao. Kibarua mmoja wa mbele, Mnyamwezi mwenye kovu jipya shingoni, alinyanyuka akatoka. Wengine wakamfuata bila kusukumana. Nilimaliza mkanda kwa watu wachache waliokuwa wamesinzia, na Bwana Kosta. Mama Mika hakuwa amekuja.

Nilimkuta nyumbani anachambua mboga.

"Mbona hukuja?" nikamwuliza. "Au kwa kuwa Farijala hayupo?"

Alichomoa jani lililooza, akalitupa.

"Baba Mika," alisema, "waliokwenda kumtazama Farijala walikaa mbele. Mimi nilikaa wapi?"

Nikakaa kizingitini.

"Nilikaa nyuma, kwenye moshi, macho yakinitoka machozi. Nilikuwa nasikiliza ule mkono wako. Tik, tik, tik, haukosei. Nilikuwa nawaambia wanawake wenzangu, hiyo picha yote inayowachekesha inaendeshwa na mume wangu." Akaweka bakuli chini. "Jumatano mkono wako ulikimbia. Mara mbili. Nilidhani umeugua. Kisha nikaona walivyomkamata yule mtu, nikajua hukuugua."

Nilisema kwamba alinicheka siku ile ya leli.

"Nilicheka," alisema. "Mimi pia nasema leli."

Hakuniacha, alipika, alilea, tukazaa wengine wawili. Lakini mpaka anazikwa, wakati wa ile njaa iliyofuata vita, hakuingia tena ndani ya ghala la picha, na mimi sikuthubutu kumwalika. Fimbo niliirudisha juu ya kasha baada ya majuma matatu. Nikarudi kwenye mpini, na huko ndiko nilikobaki mpaka mota ziliponipokonya.

Vita viliwaondoa Wajerumani na Bwana Kosta akauza ghala. Mimi nilipata kazi kwa mwonyesha picha mwingine, nikazunguka na mashine stesheni kwa stesheni. Nilisikia Farijala yuko Saranda, chini ya Kilimatinde ya wazee wake, anauza kahawa kwa wasafiri. Nilipita Saranda mara nyingi bila kushuka. Mwaka mmoja nilishuka.

Treni ya pili ilikuwa bado saa kadhaa. Kwenye kivuli cha ghala la mizigo niliona watu wamekusanyika: wasafiri, wachuuzi wa kuku, vibarua wenye makarai. Katikati alikuwa yeye, mvi zimemjaa, birika la kahawa kando. Alikuwa akisimulia picha ya wachemsha chumvi. Hakuwa na shuka, wala taa, wala mashine. Aliweka ndoo isiyoonekana katikati ya njia, na watu wakatazama chini pale alipoiweka. Mama mmoja mwenye kuku alikuwa ameacha kuku wake wakimbie.

Nami nilikuwa nimekwenda kutubu. Nawaambia ukweli kwa kuwa nimekwisha kustaafu: kitu cha kwanza kilichonipanda kooni hakikuwa toba. Kilikuwa wivu ule ule, mbichi kama siku ya kwanza. Nilijiona sina kazi. Nilikuwa nimedhani angalau alinihitaji mimi ili picha iende, na kumbe ilikwenda.

Nilingoja mpaka watu wakatawanyika, nikasogea.

"Farijala."

Alinitazama, akanimiminia kahawa.

"Fundi," alisema.

"Ile Jumatano," nikaanza. "Mpini..."

"Nilisikia. Nilifanya kazi na mkono ule mwaka mzima, nisiujue unapokimbia?"

"Na kwa Bwana Shauri, mimi ndiye niliyesema..."

"Hilo sikulijua," alisema.  Akaliweka birika chini. "Hilo la pili sikulijua."

Kahawa ilipoa mkononi mwangu. Sikuweza kuinywa wala kuimwaga.

"Umesimama pale nyuma tangu lini?" aliniuliza mwishowe.

"Tangu mwanzo."

"Ulikuja kuniomba msamaha, au ulikuja kusikiliza?"

"Vyote viwili."

Alichukua kikombe changu, akaimwaga ile iliyopoa, akakisuuza. "Kimoja nimekwisha kukupa," alisema, akainua birika, akawafuata wasafiri waliokuwa wakimwita.